Msemaji wa Kidoti

Jumapili ile Mjomba alifika kwa mama yake mapema. Alifuta meza ya sebuleni kwa kitambaa kibichi, akapanga karatasi, akachonga penseli, akakaa upande wa dirishani kama alivyokaa kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa. Mlango aliuacha nusu wazi. Kazi yake ilikuwa kungoja watoto waingie mmoja mmoja, wakubwa wakijichekesha, wadogo wakisukumwa mgongoni. Alingoja mpaka chai ikafanya utando. Hakuingia mtu.

Kelele zote zilikuwa barazani.

Aliinuka akachungulia pembeni ya pazia. Shemeji yake mpya, mume wa mdogo wake wa mwisho, alikuwa amekaa chini sakafuni, viatu amevua, miguu ameinyoosha, na watoto wa ukoo mzima wamemgandia kama sisimizi waliopata sukari. Mkononi ameshika simu kubwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu, na kwa kuwa hakosi waya wa chaji mfukoni, familia ilishampa jina: Chaji. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo.

"Nani alisema baiskeli?" Chaji aliuliza. "Haya, tazama hii. Ina kengele mbili. Ya kwanza unamwambia mtu apishe. Ya pili ya nini?"

"Ya kumwambia asante!" mtoto mmoja akadakia.

"Ya kumwambia pole, kama hakupisha!"

Kicheko kikapanda mpaka dirishani. Mjomba akaachia pazia. Kitu kilimchoma chini ya mbavu, na jina la kitu hicho alilijua, maana alikuwa mtu wa sala, na anayesali kila siku hawezi kujidanganya kwa muda mrefu. Ulikuwa wivu.

Katika ukoo ule mtoto hajiombei zawadi. Shule zikifungwa, wajukuu wote hukusanyika kwa Bibi na kila mmoja hupata zawadi moja, lakini anayeitaja zawadi ni mwenzake. Bibi ndiye aliyeanzisha jambo hilo, wakati wajukuu walikuwa bado wachache na wakigombana kwa kila kitu. Alisema mtoto anayejisemea hujifunza kunyoosha mkono, na anayemsemea mwenzake hujifunza kufungua macho. Kwa hiyo kila mtoto ana msemaji wake. Mkubwa humsemea anayemfuata kwa umri, huyo humsemea wa chini yake, na mdogo kabisa aliyekwisha kujua kuongea humsemea mkubwa wa wote, ili mlolongo ufunge. Kumuuliza mwenzako anataka nini ni mwiko. Unatakiwa umwangalie.

Mambo yaliyotoka humo yalikuwa hadithi za nyumba. Mwaka mmoja kitoto kilichokuwa hakijui hata kutamka vizuri kilimsemea kijana mkubwa, aliyekuwa ameanza kunyoa ndevu ambazo hazijaota. Kilisema, "Anataka mlango wake ukatae." Wakubwa walifikiri sana, mwishowe wakamnunulia komeo. Kijana alilifunga mwenyewe kwenye mlango wa chumba chake, na hakuna zawadi aliyowahi kuipenda kama ile.

Mjomba ndiye aliyeandika yote hayo. Yeye ndiye aliyejua nani anamfuata nani, nani kazaliwa, nani kaanza kuongea. Akishaandika alizunguka nyumba za dada zake, kila mmoja akachagua ombi analoliweza, na zawadi zikafungwa kwa karatasi ya aina moja bila jina la mtoaji. Dada zake walikuwa watano na wote walimpita kwa shule. Kwenye vikao vya familia maneno yake yalisikilizwa kwa heshima, kisha yakaachwa palepale. Ila msimu wa orodha ukifika, wote walimtafuta yeye. "Muulizeni kaka," walisema. Yeye, mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, alihitaji kusikia maneno hayo mara moja kwa mwaka, kama ardhi inavyohitaji mvua.

Alitoka barazani.

"Shemeji," alisema, "naona umefungua duka."

"Shemeji yangu wa dhahabu! Karibu dukani. Kukopa marufuku."

Watoto wakacheka tena. Mjomba hakucheka.

"Hawa watoto wana utaratibu wao."

"Najua, mke wangu kanieleza. Mimi nawaonyesha vitu tu, wapanue macho. Tena nilikuwa nawaza, shemeji. Zile karatasi zako, kwa nini tusiziweke kwenye simu, kwenye kundi la familia? Dada walio mbali wataona. Mtu akichukua ombi anaweka alama, mwingine halirudii. Mwaka jana si kuna mtoto alipata mipira miwili?"

Ilikuwa kweli. Mjomba aliumia zaidi kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu kuna mtu alikwenda kumsimulia mgeni.

"Wazo zuri hilo!" Bibi alisema kutoka jikoni. Masikio ya yule mama yalikuwa hayazeeki. "Mwanangu atakusanya, mkwe wangu ataweka kwenye simu. Fanyeni pamoja."

"Mama, kazi hii nimeifanya peke yangu miaka yote."

"Ndiyo maana nakupa msaidizi. Hata punda hupumzishwa."

"Kakuita punda," Chaji alinong'ona. "Mimi sijasema kitu."

Nyumbani jioni ile Mjomba alikula kimya. Mke wake alimwacha mpaka sahani ikaisha, ndipo akamuuliza kulikoni.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Mjomba alisema.

"Sawa. Lakini kidonda mbona kiko kwako?"

Mjomba akaenda kunawa mikono.

Asubuhi, kabla lori la saruji halijafika, alikuwa na desturi ya kupiga magoti nyuma ya mabomba ya plastiki, mahali ambapo wapakiaji hawakumwona. Siku hiyo alifumba macho akasema, "Mungu wangu, mpunguze yule mtu." Akasita. Akaanza upya. "Mungu wangu, nipunguzie mimi wivu. Yule ni ndugu sasa. Amemfurahisha mdogo wangu, na wewe unajua tulivyokuomba apate mume mwenye moyo." Aliinamisha kichwa, akataka kumaliza, lakini ulimi ukateleza: "Ila na yeye mpunguze kidogo." Aliinuka na vumbi la saruji magotini, akijua kwamba sala hiyo haikufika hata kwenye dari ya stoo.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, aliandika mlolongo wa mwaka ule. Aliuandika kwa kichwa, kama alivyozoea, kutoka kijana wa komeo kushuka chini. Penseli ikafika kwa binti yake mwenyewe, ikasimama.

Baada ya binti yake alipaswa kumwandika Kidoti.

Kidoti alikuwa mtoto wa Chaji kwa mke wa kwanza, ambaye alifariki. Alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndiyo iliyompa jina, na alikuwa ameingia katika familia pamoja na baba yake na sanduku moja la nguo. Kwa umri alikuwa chini kidogo ya binti wa Mjomba. Kumwingiza ilikuwa kazi ya mstari mmoja tu: binti yake amsemee Kidoti, Kidoti amsemee anayefuata.

Mjomba alitazama nafasi ile. Aliwaza, huyo baba yake ana simu yenye picha za kila kitu duniani. Aliwaza, wamekuja juzi tu. Aliwaza habari ya kengele mbili. Halafu akaandika jina la anayefuata. Hakujidanganya kwamba kasahau. Aliiona nafasi, akairuka, akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo, na mchana wote karatasi ile ikamwasha kama upupu.

Jumapili iliyofuata watoto walikuja. Bibi alikuwa amewaambia kwamba asiyeingia sebuleni hatapata kitu, na simu ya Chaji ilikuwa imefungiwa kabatini. Waliingia, wakakaa, wakasema. Mmoja alisema mwenzake anataka viatu ambavyo havikuvaliwa na kaka yake kwanza. Mwingine alisema, "Huyu anataka kuimba lakini pasiwe na watu." Binti wa Mjomba alisema habari za mtoto aliyepangiwa, hakuuliza swali, ila alimtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mjomba aliandika. Kwa muda alijisikia mtu tena.

Wa mwisho kuingia alikuwa Kidoti. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, na alikaa mikono ikiwa juu ya magoti.

"Mimi namsemea nani, Mjomba?"

Mjomba alijua swali hili litakuja, na bado halikumkuta tayari. Alipanga karatasi zilizokwisha kupangika.

"Wewe... unajua, mtu akiwa mwaka wake wa kwanza, haingii kwenye mlolongo. Anaangalia tu. Ndiyo utaratibu."

"Naangalia nini?"

"Wenzako."

"Nimeshawaangalia."

"Basi endelea hivyohivyo. Mwakani utaanza."

Kidoti alifikiri. "Na mimi ananisemea nani?"

"Mwakani," Mjomba alisema.

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akasema asante, akashuka, akakirudisha kiti chini ya meza kwa mikono miwili. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa amekirudisha kiti siku ile.

Haikupita muda Chaji akaingia. Mjomba alikaza shingo. Alitarajia ugomvi, na kwa kweli aliutamani, kwa sababu kwenye ugomvi mtu hupata haki yake hata kama hana.

"Kidoti kaniambia habari ya mwaka wa kwanza," Chaji alisema. Hakuwa na mzaha usoni. Alivuta kiti akakaa pale alipokaa mtoto.

"Ndiyo."

"Nilikuwa sijui. Nikakaa nikawaza, nikaona ni jambo la busara. Mtoto akifika mahali aanze kwa kutazama. Sisi tulikotoka hatuna ndugu, shemeji, hatukuwa na utaratibu wowote. Kila mtu kivyake kama kuku wa jirani. Nimemwambia afurahi, maana anayepangiwa kungoja keshahesabiwa." Alimpa mkono. "Nakushukuru. Nilikuwa naogopa mtamfanya mgeni wa kubembelezwa."

Mjomba alipokea mkono ule. Angefanya nini? Alikuwa amemtupia mtu jiwe, na mtu ameliokota, amelifuta vumbi, ameliweka sebuleni kama pambo. Kulirudisha ilikuwa kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni jiwe. Alisema, "Hamna neno."

Orodha ikapanda kwenye simu. Ilipendeza, hilo halikuwa na ubishi. Kila ombi lilikuwa na mstari wake na duara dogo la kuweka alama. Dada aliyeishi mbali alichukua ombi kabla hajamaliza kunywa chai yake, na jioni ile karibu maduara yote yalikuwa yamejaa. Miaka yote Mjomba alitembea nyumba hadi nyumba kwa kazi ile, akikaribishwa, akiketishwa, akiulizwa habari za mgongo. Mwaka huu alikaa kitandani akisikiliza mke wake akisoma pongezi.

"'Chaji, Mungu akuzidishie.' 'Chaji, ulikuwa wapi siku zote?' Huyu kaweka na mikono ya kupiga makofi."

"Wangapi wametaja aliyekusanya?"

Mke wake aliendelea kusogeza kidole. Akasogeza. "Bado wanaandika," alisema kwa huruma, na huruma ile ikawa mbaya kuliko kimya.

Ndipo ikaingia sauti ya Dada Mkubwa, muuguzi, mwanamke aliyezoea kuuliza swali mara moja akajibiwa. "Nimeipitia orodha yote. Kidoti simwoni. Msemaji wake ni nani?"

Chaji akajibu haraka, sauti yake ikiwa changamfu: "Usijali, shemeji. Ni ule utaratibu wa mwaka wa kwanza. Mtoto anatazama tu. Tulielezwa vizuri sana."

Mke wa Mjomba aliweka simu juu ya mto, akamgeukia mumewe.

"Utaratibu gani?"

Mjomba alivuta shuka. Alijaribu kusali moyoni, lakini kila alipofungua mlango wa sala alimkuta Kidoti amekaa pale, mikono juu ya magoti.

Kesho yake mama yake alimwita. Alipotoka kazini akapita huko na vumbi lake, akawakuta sebuleni: Bibi kwenye kochi lake, Dada Mkubwa na sare ya hospitali, mdogo wao wa mwisho, na Chaji amesimama karibu na dirisha. Watoto walikuwa wamefukuzwa uani.

"Nimesikia kuna utaratibu wa mwaka wa kwanza," Bibi alisema. "Mambo haya nimeyaanzisha mimi, na huo siufahamu. Nimezeeka, labda nimesahau. Nikumbushe."

"Labda ni yeye aliyesahau, mama," Dada Mkubwa alisema. Alikuwa amemlea mgongoni, na bado hakupenda kumwona akichapwa. "Watoto wamekuwa wengi. Mtu yeyote anaweza kumruka mmoja."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Mjomba, mpana, na dada yake ndiye ameushika. Alikuwa na neno moja tu la kusema: nilisahau. Wangesikitika, wangecheka, jina lingeongezwa, na orodha ingebaki yake.

"Hapana, shemeji, hakusahau," Chaji alisema. Alikuwa anamtetea. "Alimkalisha mtoto akamweleza kwa utulivu kabisa. Mimi sioni ubaya wake, mama. Sisi tumeukubali."

Mjomba alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na saruji.

"Hakuna utaratibu kama huo," alisema. "Niliutunga palepale mtoto aliponiuliza. Na sikusahau. Nafasi yake niliiona nikairuka. Nilimwonea wivu baba yake, nikampiga kwa mtoto."

Mdogo wake alisema, "Kaka."

Chaji aliondoa mkono dirishani. Uso wake, uliokuwa kila siku kama duka lililo wazi, ulishusha shata, ukafungwa. "Nami nilimwambia afurahi," alisema polepole. "Mtoto akalala anajihesabu mtu mkubwa. Nilimwambia hiyo ni heshima."

Uani watoto walikuwa wanagombana ni nani aliyeguswa na nani hakuguswa.

"Umemnyima msemaji," Bibi alisema mwishowe, akimtazama mwanawe. "Basi msemaji wake ni wewe. Na sheria haibadiliki. Humuulizi yeye, wala humuulizi baba yake. Unamwangalia, na Jumapili unaniletea ombi lake."

"Mama, siku zimebaki chache."

"Nyingine ulizichezea wewe. Na mwakani orodha ataishika Chaji, kukusanya na kuandika."

"Mama, siitaki," Chaji alisema.

"Sikukuuliza."

Kwa hiyo Mjomba akaanza kwenda kwenye kibanda cha shemeji yake. Aliomba ruhusa kazini atoke mapema, akatembea mpaka mtaa wa maduka madogo, akasimama chini ya kipande cha bati mbele ya kioo kilichojaa makava ya simu. Mara ya kwanza Chaji aliinua macho kutoka kwenye simu aliyoifungua matumbo.

"Karibu, mteja."

Neno lile lilimfikia vizuri. Alikuwa amezoea kuitwa shemeji kwa kelele.

"Nimekuja kumwangalia mtoto."

"Angalia. Macho hayalipiwi." Akarudi kwenye bisibisi yake.

Kidoti alishinda pale baada ya masomo, mpaka mama yake wa sasa atoke kazini. Alimwamkia Mjomba kama kawaida, maana hakuna aliyemwambia kitu, au aliambiwa akaamua kutokionyesha. Alikuwa anafanya hesabu. Mjomba alisimama akitafuta, kama anavyotafuta bolti moja katika shehena nzima. Alimwona mtoto akigusa kava lenye maua, akaona: ni kava. Kisha akakumbuka mtoto hana simu. Akaona mkoba wake wa shule umeshonwa kwenye mshipi, akasema moyoni: mkoba, nimepata. Akaondoka akiwa na mkoba kichwani. Lakini usiku alipousemea mbele ya Mungu ulionekana kama jibu la mtu mwenye haraka ya kwenda zake, akaamua kurudi.

Safari hiyo hakutafuta kitu. Alisimama tu akamtazama yeye.

Kidoti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, daftari juu ya mapaja. Akaja mteja, mama mwenye simu iliyopasuka kioo. Mtoto akainuka bila kuambiwa, akaifuta ndoo kwa kiganja, akaisogeza. "Karibu ukae." Yeye akaenda kusimama ukutani, akaliweka daftari kwenye ukuta, akawa anaandika hivyo, mkono juu kama mtu anayepaka rangi. Mama yule akaondoka, Kidoti akakaa. Hajamaliza hesabu moja, akaja kijana wa kubadilisha betri. Akainuka, akafuta, akasogeza. Alipokaa tena alikaa ukingoni, mguu mmoja mbele, kama ndege kwenye waya. Hata pasipokuwa na mteja alikaa hivyo. Aliandika huku jicho moja likiwa barabarani.

Mjomba aliona.

Na palepale, kabla hata hajamaliza kumhurumia mtoto, akafurahi. Baba mtu yuko hapa kutwa nzima na hajaona. Mimi nimeona. Alijiona Jumapili mbele ya Bibi na dada zake wote, akisema polepole jinsi mtoto anavyoandika ukutani wakati baba yake ameinamia simu za watu. Aliuona uso wa Chaji wakati huo. Aliona dada zake wakigeuka: kumbe kaka ndiye mwenye macho. Bibi angefikiri upya habari ya orodha.

Alipotambua kinachomfurahisha, alifumba macho palepale chini ya bati, watu wakipita. "Mungu wangu," alisema kimya, "hata hapa umeniacha niufuate wivu?" Kisha akajirekebisha, maana halikuwa kosa la Mungu. "Nisaidie niseme sasa hivi. Nikifika nyumbani nitakuwa nimeshapanga hotuba."

Akasogea kwenye kioo. Alimwona Kidoti ameenda kwenye bomba la jirani kuchota maji ya kunywa.

"Chukua simu yako," alimwambia Chaji. "Andika ombi la Kidoti."

"Jumapili utalisema kwa mama."

"Nataka uliandike wewe, sasa. Jumapili lisomwe kama mengine." Aliinama karibu na kioo. "Kigoda. Cha mbao, kidogo sana. Kimtoshe yeye, na mtu mzima asiweze kukikalia hata akitaka."

Chaji alitaka kuuliza, mdomo ukafunguka. Halafu akageuza kichwa akaitazama ndoo. Aliitazama kwa muda mrefu. Akatazama ukuta, na hapo ukutani, kwenye urefu wa bega la mtoto, kulikuwa na mistari ya penseli iliyovuka ukingo wa daftari, mingi, ya siku nyingi.

"Nilidhani anapenda kusimama," alisema.

Mjomba angeweza kusema neno pale. Alikuwa nalo. Alilishika nyuma ya meno mpaka likapoa.

Chaji alifuta mikono kwenye suruali, akachukua simu, akaandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu wa simu. Alipomaliza hakuweka alama kwenye duara.

"Nani atalichukua?" Mjomba aliuliza. "Stoo kwetu kuna vipande vya mbao vizuri."

"Mbao lete wewe. Kupigilia nitapigilia mimi." Alifikiri kidogo. "Misumari pia lete."

Kidoti akarudi na kikombe cha maji. Alimkuta Mjomba bado amesimama, akaona aibu kwa niaba ya kibanda chao. Aliifuta ndoo kwa kiganja, akaisogeza mpaka kwenye miguu yake.

"Kaa, Mjomba."

"Kaa wewe, umalize hesabu."

"Wateja ndio wanakaa."

"Mimi si mteja."

Mtoto alimtazama baba yake, maana mambo ya kibanda yalikuwa na mwenyewe. Chaji alikuwa amerudi kwenye simu iliyofunguliwa, kichwa chini, chuma cha kulehemu mkononi kikitoa moshi mwembamba. Hakuinua macho.

"Kama si mteja, apite huku ndani anishikie hii taa," alisema. "Kutwa nzima naiuma kwa meno."

Mjomba aliinama akapita chini ya ubao wa kaunta, tumbo likakwama kidogo, akajivuta. Ndani palikuwa pa mtu mmoja. Wakasimama bega kwa bega kama watu wawili ndani ya kabati. Alishika taa. Vidole vya Chaji vilikuwa vyepesi, vilitembea kati ya nyaya ndogo kama nywele bila kugusa zisizohusika, na Mjomba akavitazama, akajua kwamba yeye, kwa mikono yake ya kubeba mabomba, hawezi kazi ile hata akifundishwa mwaka mzima. Kile kitu kikamgusa tena chini ya mbavu. Akakiacha. Akaishika taa kwa mikono miwili.

Nje, Kidoti alikuwa amekaa kwenye ndoo, anaandika.

"Juu kidogo," Chaji alisema.

"Hapo?"

"Kidogo tena. Unatetemeka, shemeji. Vuta pumzi."

Mjomba akavuta pumzi.